Walili na Kasri ya Firauni

Mgeni aendaye Moroko kutazama mambo ya kale hupewa siku moja kwa ajili ya miji miwili. Asubuhi huchukuliwa kutoka Meknes, mwendo wa kilomita 30 hivi, akateremshwa penye magofu ya Volubilis, katika uwanda wa ngano na mizeituni chini ya mlima wa Zerhoun. Huonyeshwa tao la mfalme Caracalla, nguzo za baraza ya hukumu ambazo korongo hujenga viota juu yake, na sakafu za vijiwe vya rangi zenye picha za Orpheus, za kazi za Hercules, na za mchezaji aliyempanda mnyama kinyumenyume huku kashika kikombe. Alasiri hupandishwa Moulay Idriss, mji mdogo uliokaa juu ya vilima viwili, usiofika kilomita 5 kutoka magofuni. Huko hupiga picha mapaa na vichochoro, huonja mkate na zeituni, kisha hurudi hotelini kabla ya jua kuchwa. Kule chini ameambiwa kwamba ameiona Roma. Kule juu ameambiwa kwamba ameiona Moroko ya asili, isiyobadilika tangu zamani. Maneno hayo mawili ni uwongo, na ubaya wake ni kwamba kila moja hulitegemea la pili.

Uwongo huu si wa viongozi wa watalii peke yao. Hao ni watu wanaotafuta riziki, na husema kile ambacho wageni wamekuja kukisikia. Umo katika vitabu vyenye majalada mazuri, umo katika ramani, na umo katika vichwa vya wasomi ambao hawajakanyaga ardhi ya Moroko. Mwanafunzi wa chuo chochote akiulizwa Volubilis ni nini, atajibu kwa upesi kwamba ni mji wa Kirumi. Akiulizwa ni nani waliokaa humo, atajibu kwamba ni Warumi, na yamkini jibu lake litapata alama nzuri. Hapana atakayemwuliza swali la tatu, kwamba Warumi hao walikuwa wana wa nani.

Lau swali hilo lingeulizwa, mawe yenyewe yangejibu. Mji ule ulikuwa mji kabla askari yeyote wa Roma hajaweka kambi katika nchi ile. Limeonekana humo jiwe lililoandikwa kwa Kipuniki, lugha ya Carthage, linalomtaja mtu aliyekuwa sufeti, yaani mkuu na mwamuzi wa mji, na kuhesabu babu zake kizazi baada ya kizazi. Kwa hesabu hiyo wataalamu wameona kwamba mji ulikuwa na wakuu wake wenyewe tangu karne ya 3 kabla ya Masihi. Watu wake walikuwa Waamazigh, ambao vitabu vingi huwaita Waberberi. Walikuwa chini ya wafalme wa Mauretania, ufalme ulioenea juu ya Moroko na Aljeria ya leo, wala usichanganywe na nchi ya Mauritania ya siku hizi iliyo kusini zaidi. Mwaka 25 kabla ya Masihi Augusto alimkalisha katika kiti cha ufalme huo Juba wa Pili, mwana wa mfalme wa Numidia, ambaye utotoni alipelekwa Roma kama mateka na kutembezwa njiani katika sherehe ya ushindi wa Kaisari. Mtoto huyo wa mateka alikua akawa mwanachuoni, akaandika vitabu kwa Kiyunani, akamwoa Cleopatra Selene, binti wa Cleopatra malkia wa Misri. Kichwa chake cha shaba kilifukuliwa Volubilis mwaka 1944, na kimewekwa katika makumbusho ya Rabat. Hakuna uso wa Kiafrika wa zama zile uliochongwa kwa uzuri kuupita huo, ingawa wengi wanaoutazama hudhani wanamtazama Mrumi.

Mwana wa Juba, jina lake Ptolemy, aliuawa mwaka 40 kwa amri ya mfalme Caligula, na ufalme ukameza chambo cha Roma pamoja na ndoana yake. Mtu mmoja wa nyumba ya Ptolemy, aitwaye Aedemon, aliinua bendera ya vita. Katika vita hivyo mji wa Volubilis ulisimama upande wa Roma. Habari hizi zimo katika jiwe ambalo lilipasa kusomwa katika kila shule ya Afrika, nalo lilionekana mwanzoni mwa uchimbaji wa Wafaransa, katika miaka ya vita kuu ya kwanza.

Jiwe linamsifu Marcus Valerius Severus. Jina hilo ni la Kirumi tupu, na msomaji mvivu ataishia hapo. Lakini jiwe linaendelea kumtaja baba yake, na baba yake ni Bostar, jina la Kipuniki. Linataja vyeo vyake: alikuwa sufeti, cheo cha Carthage, na alikuwa mmoja wa wakuu wawili wa mji, cheo cha Roma. Ni kiti kilekile kilichobadilishwa jina, na mtu yuleyule akaendelea kukikalia. Aliongoza askari wasaidizi dhidi ya Aedemon. Vita vilipokwisha alikwenda kwa mfalme Claudius kuwaombea watu wake, akarudi na mambo yafuatayo: uraia wa Roma, haki ya kuoa wanawake wasio raia, watoto wakawa halali mbele ya sheria, kusamehewa kodi kwa miaka 10, mamlaka juu ya wakazi wasio wenyeji, na mali za wananchi waliouawa vitani bila kuacha warithi. Baraza la mji likaamua kumtukuza. Gharama ya heshima hiyo ililipwa na mkewe kwa fedha zake mwenyewe, na jina la mke ni Fabia Bira, binti wa Izelta. Izelta si jina la Kirumi wala la Kipuniki. Ni jina la wenyeji wa nchi.

Basi katika nyumba moja mna lugha tatu. Baba mkwe ana jina la Kiamazigh, baba mzazi ana jina la Kipuniki, mume ana jina la Kilatini lililo jipya kama nguo ya Idi, na mke ana jina moja la Kilatini na jingine la kwao. Hawa ndio Warumi wa Volubilis. Ile haki ya kuoa wanawake wasio raia isingalikuwa na maana yoyote lau wanaume wa mji wangalikuwa wametoka Italia na wake zao. Iliombwa kwa sababu wake wa watu hao walikuwa mabinti wa makabila ya jirani, na waume hawakutaka sheria mpya iwageuze watoto wao kuwa wana wa haramu. Mtu anayeweza kulisoma jiwe hili, kisha akaendelea kusema kwamba mji ule ulijengwa na wageni, hakosi elimu; amekosa nia.

Na mambo hayakomi kwa Severus. Lile tao ambalo kila mgeni hupiga picha mbele yake lilisimamishwa mwaka 217 kwa heshima ya Caracalla na mama yake Julia Domna. Mama huyo alikuwa Mshami wa Emesa. Baba wa Caracalla, mfalme Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna, katika pwani ya Libya. Hekalu kuu lililo karibu na baraza lina maandishi ya mwaka 218, wakati wa Macrinus, aliyekuwa Mmauri wa Caesarea, mji uitwao leo Cherchell huko Aljeria. Kwa hiyo katika kitovu cha mji huo unaosemwa kuwa ni mfano halisi wa Roma, tao ni la mwana wa Mwafrika na hekalu ni la zama za Mwafrika. Wapenzi wa Roma hupenda kusahau kwamba Roma ya wakati ule ilikuwa inatawaliwa na watu wa namna hiyo.

Tao na hekalu si mambo makubwa kupita yote katika magofu yale, ijapokuwa ndiyo yanayoonekana kutoka mbali. Jambo kubwa ni vinu. Katika nyumba za mji na maduka yake vimehesabiwa vinu zaidi ya 50 vya kukamulia zeituni: mawe ya kusagia, vitako vya mashinikizo, mifereji na matangi ya mafuta. Vingine vimo ndani ya nyumba zilezile zenye sakafu za Orpheus na Hercules. Tajiri wa Volubilis alikula chakula chake juu ya picha za miungu ya Kiyunani, na nyuma ya ukuta wake mafuta yalikuwa yakichuruzika. Mji mzima ulikuwa kiwanda cha mafuta chenye nguzo mbele yake. Ukuta wa kilomita 2 na zaidi, uliojengwa mwaka 168 au 169 wakati wa Marcus Aurelius, ulizunguka vinu hivyo pamoja na hekalu. Nani walichuma zeituni? Nani waligeuza mawe? Maandishi hayawataji, maana mtu wa kuchuma zeituni hasimamishiwi sanamu. Lakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba walivuka bahari kutoka Italia kuja kuzichuma.

Sasa uje mwaka 285 au karibu yake, wakati watawala wa Roma walipoiacha sehemu hii ya kusini wakabaki na pembe ya kaskazini, karibu na Tangier. Vitabu vingi hufungwa hapo. Husemwa kwamba Warumi walipoondoka mji ulikufa. Lakini walioondoka ni maofisa na askari. Watu wa mji walibaki mjini mwao. Makaburi yenye maandishi ya Kilatini, yenye tarehe za tangu 599 hata 655, yanaonyesha kwamba zaidi ya miaka 300 baada ya bendera kushushwa walikuwapo Wakristo waliozikana kwa Kilatini na kuhesabu miaka kwa hesabu ya mkoa uleule wa kale. Hapana gavana aliyewalazimisha, wala jeshi lililowalinda. Kilatini kilikuwa kimekwisha kuwa mali yao, wakakitumia walivyotaka, na walipokiacha walikiacha kwa wakati wao.

Ndipo akaja Idris. Idris bin Abdallah, wa kizazi cha Hasan bin Ali, alinusurika katika mapigano ya Fakhkh karibu na Makka mwaka 786, akakimbia magharibi mpaka mwisho wa nchi, na mwaka 788 akapokewa Walili na kabila la Awraba na mkuu wao Ishaq bin Muhammad. Walili ndilo jina la Volubilis katika vinywa vya watu wake; yasemekana asili yake ni neno la Kiamazigh la ule mti wenye maua ya waridi unaoota kandokando ya vijito. Awraba walimpa Idris bai'a. Akaoa kwao mwanamke aitwaye Kanza. Mwaka 791 akafa kwa sumu, na mwanawe, aliyezaliwa baada ya kifo chake, akaukuza mji wa Fez na dola la kwanza la Kiislamu la Moroko. Kati ya mwaka 2000 na 2005 wataalamu wa Moroko wakishirikiana na wa chuo kikuu cha London, chini ya Hassan Limane na Elizabeth Fentress, walichimba nje ya ukuta wa Kirumi, upande wa mto, wakaona makazi ya zama za Idris yenye majengo makubwa na hamamu. Yaani dola la Moroko lilianzia katika Volubilis hiyohiyo inayoitwa mji mfu. Na Idris alizikwa mlimani, penye kaburi ambalo juu yake umekua mji wa Moulay Idriss.

Hapa msomaji ataona kwa nini ile siku moja ya miji miwili ni udanganyifu. Magofu na mji wa kilimani si vitu viwili vya kulinganishwa, kimoja cha Ulaya na kimoja cha Afrika. Ni mji mmoja uliopanda mlima. Watu waliacha uwanda taratibu, wakachukua zeituni zao, na aghalabu hata mawe yao. Mwanya unaoonekana kati ya miji hiyo miwili haukuchimbwa na historia. Umechimbwa na jembe la mwanaakiolojia na kalamu ya mtawala.

Jembe hilo lina tarehe zake. Wenyeji waliyaita magofu yale Kasri ya Firauni, na Moulay Ismail, aliyetawala tangu 1672 hata 1727, alichukua humo mawe ya kujengea Meknes. Mwingereza John Windus aliyaona na kuyachora mwaka 1721, kabla tetemeko la 1755 halijaangusha sehemu kubwa ya kilichokuwa kimebaki. Mwaka 1874 Charles Tissot, balozi wa Ufaransa, alithibitisha kwamba hapo ndipo Volubilis iliyotajwa na waandishi wa kale. Lakini kazi kubwa ilianza mwaka 1915, miaka mitatu tu baada ya Ufaransa kuifanya Moroko nchi lindwa. Jenerali Lyautey aliamuru ichimbwe, naye Louis Chatelain akaisimamia, na miongoni mwa waliochimba walikuwamo mateka wa Kijerumani. Msomaji azingatie hali ile: Ufaransa inapigania uhai wake huko Ulaya, kila bunduki ina thamani, na jenerali wake anatumia watu kufukua nguzo. Jenerali hafanyi hivyo kwa mapenzi ya nguzo peke yake.

Sababu ilikuwa imekwisha kuelezwa na waandishi wa Aljeria, Louis Bertrand akiwa mbele yao, waliohubiri kwamba Afrika ya Kaskazini ilikuwa nchi ya Kilatini, kwamba Waarabu na Uislamu walikuwa pazia lililoanguka juu yake, na kwamba Mfaransa hakuja kuteka bali alirejea nyumbani kwa babu zake. Kwa hoja hiyo kila nguzo iliyosimamishwa tena ilikuwa hati ya kumiliki shamba. Tao la Caracalla likajengwa upya katika miaka ya 1930. Tabaka za juu, za wale Wakristo wa karne ya 7 na za Waislamu wa kwanza, zilikuwa kuta duni zisizo na marumaru. Ziliondolewa ili kuifikia Roma iliyo chini yake, na mengi yakapotea bila kuandikwa ipasavyo. Hayo hayatarudi. Mtu aweza kutoa tafsiri mpya ya jiwe lililobaki, bali udongo ukichimbwa mara moja umechimbwa.

Watetezi wa Lyautey husema kwamba hakuwadharau wenyeji. Kinyume chake aliipenda miji yao, akakataza isibomolewe, na msanifu wake Henri Prost akajenga miji mipya ya Wazungu kando ya ile ya kale bila kuigusa. Ni kweli, na ndipo penye hila. Kumpa Mfaransa mji wenye umeme na njia pana, na kumwachia Mmoroko mji wa kale akae humo asibadilishe tofali, ni kumpenda Mmoroko kama mtu apendavyo picha ukutani. Mapenzi hayo mawili ya jenerali, ya magofu na ya kijiji, yalifanya kazi moja. Kwa magofu alionyesha kwamba maendeleo ya Afrika yaliletwa na mgeni, na kwa kijiji alionyesha kwamba mwenyeji akiachwa peke yake hubaki alipo. Utawala wa Ufaransa ulikoma mwaka 1956. Siku moja ya miji miwili ingali inauzwa.

Maana itazamwe hiyo Moulay Idriss isiyobadilika. Kaburi la mtakatifu lilijengwa upya na Moulay Ismail, yuleyule wa Meknes. Mji ulifungwa kwa wasio Waislamu mpaka mwaka 1912, na kwa miaka mingi baadaye hawakuruhusiwa kulala humo. Leo zipo nyumba za wageni, ingawa kizingiti cha kaburi chenyewe bado hakivukwi na asiye Mwislamu. Mnara wake mashuhuri wa mviringo, uliofunikwa vigae vya kijani vyenye aya za Kurani, ambao wageni huupiga picha wakidhani ni wa karne za kale, ulijengwa mwaka 1939 na haji aliyerudi Makka akitamani mfano wa minara aliyoiona huko. Umri wake ni mdogo kuliko reli ya Mombasa. Kila mwaka watu kwa maelfu huja katika mausimu ya mtakatifu, na wengi wao hawajui habari za watalii wala hawazitaki. Mji wa namna hiyo hausimami kama maji ya kisima. Una siasa zake, ugomvi wake, wajenzi wake na mitindo yake, kama mji wowote. Kuuita "wa jadi" na kuishia hapo ni kuunyima historia, kama vile kuyaita magofu "ya Kirumi" na kuishia hapo ni kuwanyima wenyeji historia yao.

Watu wa Afrika ya Mashariki wanayajua mambo haya, maana yametendwa kwao kwa njia nyingine. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, na kitabu chake cha 1954 kikaiita katika anwani yake mji wa Waarabu. Zimbabwe Kuu ilipata msiba mkubwa zaidi: kati ya 1902 na 1904 Richard Hall, aliyewekwa kuitunza, aliondoa udongo wa kina kirefu akisema ni takataka za Waafrika zilizofunika kazi ya wageni wa kale, na pamoja na takataka hizo akaondoa ushahidi wa wajenzi wenyewe. Iliwabidi David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 kuja kusema lililo dhahiri. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, uchimbaji wa Mark Horton uliofanywa katika miaka ya 1980 ulionyesha msikiti wa miti na udongo chini ya msikiti wa mawe, na mji unaokua mahali pake tangu karne ya 8. Ajabu ni kwamba katika pwani ya mashariki Mwarabu alitumiwa kumnyang'anya Mwafrika majengo yake, na huko Moroko Mwarabu ndiye aliyeitwa mharibifu ili Mrumi apewe majengo. Mnyang'anyi hubadilisha vazi, kazi ni moja. Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, katika mji uleule ulioupa mkoa wa Kirumi jina lake la Tingitana, alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba wengi wa watu wake ni weusi wenye chale nyusoni, na kwamba mji ni mzuri sana. Aliyasema yote mawili pamoja, wala hakuona kwamba yanapingana.

Watasimama wengine waseme kwamba hoja hizi zimezidi kipimo. Je, miungu iliyoabudiwa Volubilis si ya Roma? Hamamu, baraza, sheria na lugha si za Roma? Ndiyo, na hapana anayekataa. Lakini mtu haitwi mgeni kwa sababu ya koti alilovaa. Maelfu ya misikiti ya Afrika ina kibla Makka, na maelfu ya makanisa yake huimba nyimbo zilizotungwa Ujerumani; wanaosali humo hawakuwa Waarabu wala Wajerumani. Watu wa Volubilis walichukua cha Roma kama walivyokwisha kuchukua cha Carthage, na kama watoto wao walivyochukua baadaye cha Makka, kila mara wakilipa bei yake na kupata faida yake.

Wengine watasimama upande wa pili, na hawa ni wa kuogopwa zaidi kwa sababu husema kwa jina la uhuru. Husema kwamba magofu ni ya mkoloni wa kwanza, yaachwe yaote magugu, na heshima yote iende kwa kijiji. Hao humpa Louis Bertrand ushindi ambao hakuupata alipokuwa hai. Bertrand alisema Volubilis si yenu; nao wanaitikia kwamba ni kweli, si yetu. Abdallah Laroui, mwanahistoria wa Moroko, alikwisha kuonya katika kitabu chake cha 1970 juu ya historia ya Maghrib kwamba masimulizi ya wakoloni yalimfanya mwenyeji asionekane katika nchi yake. Kukimbia magofu hakumrudishi mwenyeji huyo machoni. Vijiwe vya sakafu zile vinapauka juani kila mwaka. Asiyevihesabu kuwa vyake hatavifunika. Mwaka 1970 filamu ya Kimarekani juu ya jenerali Patton ilimsimamisha mwigizaji kati ya nguzo za Volubilis akitoa hotuba juu ya vita vya Carthage. Nguzo zisizo na mwenyewe huweza kuitwa kwa jina lolote.

Wala wenye kuyachukua magofu wasiyachukue kwa ushairi tu. Severus bin Bostar hakuwa shujaa wa uhuru. Alipigana upande wa dola lililomwua mfalme wa nchi, na alipokwenda Roma aliwaombea watu wa mji wake mali za majirani waliokufa. Miaka 10 bila kodi ilikuwa bei ya damu fulani. Mzao wa Zerhoun akitaka kumdai Severus kuwa babu yake, amdai pamoja na hayo, kama watu wa pwani wanavyopaswa kuwadai pamoja matajiri waliojenga misikiti ya Kilwa na watumwa waliouzwa katika bandari zake. Na akitaka kumdai Aedemon badala yake, atapata taabu, kwa kuwa Aedemon hana jiwe. Hakuna ajuaye baba yake alikuwa nani, wala mkewe. Jina lake limo katika jiwe la Severus, mara moja, kama adui aliyekwisha kushindwa.